Lundo la Milembe na Funza Saba wa Nkoma

Sogeeni, wakazi wa Bariadi, na nyinyi wa Migato mliokuja sokoni mkakawia. Tueni mizigo, zimeni simu, mpate kusikia habari ya lundo la taka lililohukumiwa moto, na ya mwanamke mmoja aliyelikinga. Niliyoyaona nitayasema, na nisiyoyaona nitamtaja aliyenieleza, kwa maana vita vikubwa huharibiwa na wasimulizi wenye haraka.

Alikuwapo Milembe binti Ngassa, muuza mchicha, Bibi wa Fagio Lisilopumzika, Mtenganishaji wa Chupa na Maganda. Miezi minne alizunguka mtaa wetu mlango kwa mlango, akihubiri kwamba taka za jikoni zisichomwe, wala zisitupwe dampo zikaoza bila hewa, kwa kuwa moshi wa zinazochomwa na gesi ya zinazooza hupanda juu na kuizidishia dunia joto. Na sisi wa Simiyu, tunaojua jinsi mvua inavyoweza kutusahau, hatuna sababu ya kuichokoza. Kaya arobaini na moja zikamsikia. Zikamletea maganda ya ndizi, majani ya kabichi na pumba za mpunga, naye akayapanga nyuma ya genge lake, tabaka juu ya tabaka, samadi katikati, ili yawe mboji.

Na upande wa pili alisimama Mashimba, Jemadari wa Kiberiti, mzee wa miaka sabini na miwili. Asihukumiwe upesi. Miaka thelathini na moja alilima pamba Nkoma, na sheria ya pamba aliishika kama sala: ukimaliza kuvuna, ng'oa miti yote, ikusanye, ichome, la sivyo funza wa vitumba watajificha humo, na msimu ujao watavuna kabla yako. Alipohamia mjini kwa binti yake alikuja na sheria hiyo. Kwake lundo lisilochomwa lilikuwa uvivu ulioanikwa hadharani, na kila alipoona taka zimekusanywa alizitia moto kwa moyo safi, kama mtu anayemfunika shuka mtoto wa jirani. Moshi ukashuka juu ya mchicha wa Milembe, na wateja wakavuka barabara wakiziba pua.

Shauri likafika kwa Mayige, mwenyekiti wa mtaa, mtu asiyependa kuudhi upande wowote. Akaamua hivi: lundo liachwe hadi Jumamosi ya usafi. Likionekana kuzaa wadudu, Mashimba alichome, na mpango ufe. Milembe alielewa uzito wa neno hilo. Lundo lake likiwaka, kaya arobaini na moja zingerudi kwenye viberiti jioni ileile.

Jumanne asubuhi majemadari wawili wakakutana mbele ya genge.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu Mashimba, kwa kuwa hata vitani mama wa watu husalimiwa.

"Mwangaluka, bhabha. Umekuja kununua au kuchoma?"

"Nimekuja kukuonya. Umezunguka, umehutubia, watu wamekupigia makofi. Lakini funza hasikii mkutano, mayu. Funza anasikia moto tu."

Milembe akapanga mafungu yake mawili ya mwisho, ndipo akajibu. "Basi mlete huyo funza. Aingie humu, atoke mwenyewe Jumamosi aseme alichokiona."

Athanasi, mwenye bucha ya jirani, aliacha kunoa kisu. Mashimba alitazama lundo kwa muda mrefu, akavaa kofia, akaondoka.

Kesho yake alipanda bodaboda mpaka Nkoma, kwenye shamba la mwanawe, akarudi na funza kumi walio hai katika kopo lililotobolewa kifuniko. Nami nasema hili kwa heshima yake: hakutaka ushindi wa mkato. Saba aliwafunga katika kitambaa pamoja na vitumba vibichi, asije mtu akadai wamekufa njaa. Watatu wakabaki koponi, nao na chakula chao, kivulini kwa mwenyekiti, asije mtu akadai kwamba wangekufa tu hata nje ya lundo.

Kisha akakunja mkono wa shati na kuzamisha kitambaa katika lundo mpaka kiwiko. Akauchomoa mkono haraka kuliko alivyouingiza.

"Kuna nini humo ndani?"

"Joto, bhabha. Linajipika lenyewe."

Mashimba akarudi nyuma hatua moja. Aliutazama mkono wake kama uliorudi kutoka nchi ya mbali.

Ijumaa ikanyesha mvua ya mawe, na Milembe, naambiwa na mkewe Athanasi, alivua turubai la genge lake akalifunika lundo lisipoe, na mchicha wake wote ukapondeka. Athanasi alimpigia kelele kutoka barazani: "Mayu, wapangaji wako wamelala salama? Waulize kama chumba kinavuja."

"Wako salama kuliko nyama yako," akajibu, maji yakimtiririka usoni.

Jumamosi, baada ya kufagia, mtaa ukazunguka lundo. Mashimba mwenyewe akachimbua kitambaa, akakifungua juu ya kiti cha mwenyekiti. Wakahesabiwa: saba. Wote wamekufa, wamelegea kama tambi, na vitumba havikuguswa.

Likafunguliwa kopo. Funza mmoja.

"Hata huku wawili wamekufa," alisema Athanasi. "Vita ni sare."

"Nyamaza, muuza utumbo," alisema Mashimba. "Huwajui hawa. Wakibanwa wanakulana. Wawili hawajafa, wameliwa, na aliyewala ni huyu hapa. Mtazame tumbo."

Kweli, alikuwa mnene, na alikuwa akitembea.

Mashimba akalifunga kopo. Kisha akasema: "Miti ya pamba ya Nkoma nitaendelea kuichoma."

"Ya Nkoma ni sheria ya Nkoma, bhabha. Sikupingi."

"Lakini hili lina moto wake. Moto juu ya moto ni uharibifu." Akamgeukia mwenyekiti. "Andika."

Mayige akaandika. Watu wakaanza kushangilia, lakini mzee aliinua mkono.

"Waliokufa ni wa katikati. Huku pembeni kuna baridi, na mimi nikiwa funza ningekaa pembeni. Mayu, pembeni unapafanyaje?"

"Nageuza. Ya nje yanaingia ndani."

"Kwa nini hukusema mapema? Leta uma wa shamba."

Akapewa uma, akageuza, na alipoona vijana wamesimama akawaita wavivu, nao wakashika makoleo. Basi waandike wenye kuandika, na wasiojua kuandika wawahadithie wanao: mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, katika mji wa Bariadi, lundo moja lenye kimo cha mbuzi halikuchomwa.