Nilivyosimama Ndani ya Tangi Dada Akiposwa

Leo nimeaibika, tena nikiwa na suti. Saa hii naandika nikiwa nimevaa kabuti ya baba, kwa sababu suti yenyewe iko kwa kamba ya nguo inachuruzika maji. Wale mlioniambia hapa kwa forum ati kupeleka wireless nyuma ya nyumba ni kazi rahisi, someni mpaka mwisho.

Kwetu ni hapa Nakuru, upande wa Lanet. Nyumba iko mbele, uwanja uko nyuma. Leo dada yangu Wambui alikuwa anaposwa. Shida ni kwamba Wambui yuko Uingereza anasomea unesi. Mchumba wake anaitwa Njoroge, kijana wa Elburgon, kwao wanapasua mbao. Wazee wake ndio waliokuja naye leo, na lori. (Ya kubeba mbao. Waliipanga viti nyuma.)

Sasa kwetu, baba wa msichana hagusi pombe ya wageni mpaka amuulize binti yake mbele ya watu: "Ninywe?" Binti akisema kunywa, mambo yamekubalika. Akinyamaza, wageni wanafunga mizigo. Na baba yangu hajui njia ya mkato. Wazee hawa walishakuja mara moja kabla ya mvua, tukampigia Wambui simu, baba akakataa katakata.

"Sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote," akasema. "Mimi nataka kumwona kwa macho."

Wageni wakarudi Elburgon na pombe yao ya muratina. Njoroge alikonda, na Wambui harudi nyumbani leo wala kesho.

Ndipo mimi, mtu wa kompyuta wa familia (nilifanya kozi fupi mjini nikapewa cheti, basi), nikapanua kifua. "Mzee, wewe ita wageni. Wambui utamwona kwa laptop, hapo hapo nyuma kwa hema la wageni."

Baba akanitazama. "Na isipofanya?"

"Itafanya."

Hilo neno nimelifikiria sana leo.

Internet yetu inaingilia sebuleni, na kati ya sebule na uwanja wa nyuma kuna kuta za mawe. Nikanunua ruta ya pili, nikavuta kebo hadi dirisha la chumba changu cha zamani, lile linaloangalia nyuma. Kebo ikaishia hapo na kipande kidogo cha ziada. Alhamisi nikaijaribu. Niliweka laptop kwa stuli katikati ya uwanja, network ikajaa mistari yote. Nikampigia Wambui, tukaonana vizuri, nikamwonyesha hata kuku. Mama akalia kidogo (kwa sababu ya mtoto, si ya kuku). Nikatembea siku mbili nikijiona profesa.

Kitu ambacho sikutilia maanani ni tangi. Nje ya dirisha hilo kuna tangi letu jeusi la plastiki, na Alhamisi lilikuwa tupu. Maji ya mgao mnayajua, yakikutembelea unayapokea kama mgeni. Leo alfajiri yakaja. Mama akaamsha nyumba nzima. Tukajaza madramu, mabeseni, sufuria, mpaka birika. Tangi likajaa hadi likamwagika, na sote tukashukuru Mungu. Mimi nikashukuru kwa sauti kuliko wote.

Wageni wakaja, wakala, mazungumzo yakaenda vizuri. Mchana ukageuka, pembe ya kunywea ikajazwa muratina, baba akashikishwa. Watu wote wakageuza viti kuangalia laptop, wakiipa nyumba mgongo. Baba akanipa ishara kwa kidevu.

Nikafungua. Hakuna network. Sio kidogo, hakuna kabisa.

Nikaizima laptop, nikaiwasha. Hakuna. Nikaipuliza. (Sijui kwa nini. Kinachopulizwa ni uji.)

Msemaji wao, mzee mmoja wa kofia ya manyoya, akauliza polepole, "Kijana, ni msichana amekataa ama ni mashine imekataa?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Tuingie sebuleni kidogo tu, huko inashika."

"Nihamishe wageni wangu kama kuku?"

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Wambui: "Mko wapi? Karibu niingie kazini, na huko sina ruhusa ya simu." Nikamwangalia Njoroge. Jasho limeshuka mpaka kwa tai, ananitazama kama mimi ndiye nimemnyima mke.

Nikakimbia chumbani. Ruta ilikuwa inawaka taa zake zote bila wasiwasi. Nikachungulia dirishani nione shida ni nini, na nilichoona ni tangi. Tangi tupu. Nasahihisha: tangi pekee, tena limejaa. Hapo ndipo nikakumbuka jamaa mmoja humu ndani aliandika kwamba maji huzuia wireless. (Nilikusoma, ndugu, nikaona unajishaua. Samahani.) Alhamisi mawimbi yalikuwa yanapita kwa plastiki. Leo yalikuwa yanagonga ukuta wa maji, na huo ukuta niliujaza mwenyewe.

Dawa ilikuwa moja tu, ruta ipande juu ya tangi. Nikaitoa kwa dirisha, nikaleta ngazi, nikavua viatu nisiteleze, nikapanda na soksi. Kebo ilifika kwa shida. Nikasimama juu ya tangi, suti na tai, nikainua ruta juu ya kichwa. Kutoka kwa hema nikasikia mama, "Imekuja! Wambui huyo!"

Nikasogea kidogo nisimame vizuri. Nikakanyaga kifuniko.

Jamani, kifuniko cha tangi kazi yake ni kuzuia mijusi. Hakikutengenezewa mtu wa uzito wangu. Kilizama, na mimi nikafuata. Maji ya Lanet hata Januari ni baridi, na hii si Januari. Yalinifika kifuani. Lakini mkono ulibaki nje na ruta ikabaki kavu, hilo mnipe heshima yangu. (Msianze habari ya stima. Adapta ilibaki chumbani, na mama ameshanigombeza vya kutosha.)

Nikataka kutoka. Nilipoweka mkono chini nijiinue, sauti ikatoka kwa hema, "Amepotea!" Nikainua mkono. "Amerudi!" Nikaujaribu tena. "Amepotea!" Nikaelewa kwamba makao yangu ni hapo.

"Wambui, unaniona?" Hiyo ni sauti ya baba.

"Nakuona, baba."

"Wageni wameleta kinywaji. Ninywe?"

Kimya. Kimya kirefu. Mimi nikadhani picha imeganda, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia. Njoroge alikuwa ameinamisha kichwa. Wazee wa Elburgon wakaanza kukohoa. Nilikuwa naomba Mungu ndani ya maji, nawaambia ukweli.

Ndipo Wambui akasema, "Baba, kabla sijajibu. Hicho kichwa hapo nyuma yenu kwa tangi ni cha nani?"

Hema nzima ikageuka. Wazee, shangazi, majirani, mpaka dereva wa lori. Na mimi nilikuwa hapo, kichwa, tai na mkono mmoja juu, kama mtu anayemwomba mwalimu ruhusa.

Baba akanitazama. Akarudisha uso kwa laptop. "Ni ndugu yako," akasema. "Ndiye network. Usimwangalie, niangalie mimi. Ninywe?"

Wambui alicheka mpaka akatoa machozi, na hema nzima ikayaona machozi yake waziwazi (picha ilikuwa safi sana, kama mnavyojua sasa). "Kunywa, baba. Kunywa haraka, Kamau asizame."

Baba akanywa. Akina mama wakapiga vigelegele, Njoroge akalia bila kujificha, na mimi mwenyewe nikalengwalengwa na machozi humo ndani. Nikajua nimeokoka.

Wapi. Mzee wa kofia akasimama, akasema si vizuri tuachane na bibi arusi bila maombi. Wambui akasema ameshachelewa kazini, wacha achelewe vizuri. Mzee akaombea safari, mvua, msitu, lori, akaombea hata mashine ya msumeno. Na wakati macho yote yamefumbwa, nikasikia mlio chini ya miguu yangu. Mfereji wa tangi umefunguliwa. Nikachungulia. Shangazi alikuwa na ile sufuria kubwa, anateka maji ya chai ya pili. Huwezi kupiga kelele katikati ya maombi. Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Yeye akaninong'oneza, "Vumilia baba, tutakutoa," akajaza, akaenda zake.

Soksi nilizokuwa nazo, wadau, nilizivaa tangu jana.

Kazi ya kwanza ya Njoroge kama shemeji ilikuwa kunivuta kutoka kwa tangi. Nilipofika kwa hema nikiwa na hii kabuti, chai ilikuwa imeshagawanywa. Mzee wa kofia akapiga funda, akafunga macho, akapiga lingine. "Hii chai ya hapa ina ladha," akasema. "Mmeweka nini?"

Mama alikuwa ameshajua. Aliniangalia usoni, akaniangalia miguuni, akaangalia kikombe cha mzee.

"Ni tangawizi," akasema, akamwongezea.

Kwa hivyo wireless nyuma ya nyumba inawezekana kabisa, mradi kuna mtu wa kuishika. Msinicheke. Na kama uko humu ndani na wewe ni wa Elburgon, na leo ulirudia chai kwetu, wewe hasa usicheke.