Mkufunzi Asiyelowa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na tisa. Naliandika sasa kwa sababu leo Muuguzi ameusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaniuliza kwa upole kama mambo yangu nimeyapanga. Nikajibu yamepangika. Uongo. Basi nayapanga humu.

Jambo lenyewe: mimi ndiye Mkufunzi Mkuu wa mradi wa kuwafundisha vijana wa kisiwa hiki kuogelea. Mfuko mmoja wa hisani wa ng'ambo hutupa ruzuku kila mwaka. Sijamfundisha mtu hata mmoja. Watoto wa hapa huogelea kabla hawajamaliza kuota meno. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini na filimbi shingoni, wao wakicheza majini, nami nikiandika majina. Kisha ripoti. Waliofaulu: asilimia mia moja. Visiwa vingine havivuki sitini. Mfuko ukataka kujua siri yangu. Nikatunga kijitabu cha Hatua Saba. Kimechapishwa na kusambazwa. Sijui nani anakitumia. Mungu amhurumie.

Mimi mwenyewe, maji yakinifika magotini, naanza kuhema.

Mmoja tu hakujua kuogelea: mjukuu wangu. Alikuja kutoka bara akiwa na miaka kumi na sita, baada ya mwanangu kufariki. Akaniomba nimfundishe. Nikamwambia kwanza nadharia. Wiki hiyohiyo nikampa cheti, ili asilimia zangu zisiharibike. Kwa cheti hicho akaajiriwa ubaharia kwenye kivuko. Mwaka wa nne huu. Upepo ukivuma alfajiri, mimi ndiye wa kwanza kuamka.

Kuna pia Fundi, seremala wa boti. Kila mwaka naye huomba ruzuku hiyohiyo kwa ajili ya karakana yake, anakowafundisha vijana kazi. Mfuko hutoa ruzuku moja kwa kila kisiwa, na kwa walio chini ya miaka ishirini na mitano tu. Lugha ya fomu humtoa Fundi jasho, kwa hiyo fomu zake namjazia mimi. Bure. Hutia sahihi bila kusoma; husema mwandiko wangu peke yake ni dhamana. Hukataliwa kila mwaka. Kila mwaka nampa pole.

Leo imekuja barua. Mratibu wa Mfuko anawasili Alhamisi. Jumamosi atanikabidhi ngao ya utumishi. Kabla ya ngao, mhitimu bora wa mradi ataruka kutoka gatini na kuogelea hadi kwenye boya la kivuko na kurudi. Wamemchagua mhitimu wenyewe, kutoka kwenye orodha yangu.

Mjukuu wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshauriana na nafsi yangu usiku kucha. Njia ya kwanza: kusema ukweli. Nimeiweka akiba.

Njia ya pili: gati lionekane bovu. Gati bovu, hakuna kuruka. Asubuhi nimechukua nyundo na kikoti cha kufichia nyundo. Nimepiga magoti kwenye ubao wa mwisho kung'oa misumari. Misumari miwili, nusu saa. Wa tatu ulikuwa umeanza kulegea nilipoona viatu vyenye vumbi la msumeno mbele ya pua yangu.

Fundi. Akauliza, "Mwalimu, vipi tena, na moyo huo?" Nikasema nakagua usalama. Machozi yakamlengalenga. Akasema katika kisiwa kizima hakuna mwingine mwenye kufikiria maisha ya watoto wa watu kiasi hicho. Akaninyanyua kwa kwapa kama gunia la mkaa lililobaki robo, akanirudisha nyumbani.

Jioni nimetazama kwa dirisha. Fundi na vijana wake wanane wamebadilisha mbao zote za gati. Bila malipo. Halafu, kwa heshima yangu, wameongeza jukwaa la kurukia. Liko juu kuliko paa la ofisi ya tiketi.

Jumatano, 5 Machi

Njia ya tatu: kumfundisha. Siku tatu zatosha kwa mtu mwenye akili. Nimemwita sebuleni baada ya zamu yake, nikafunga mlango, nikamlaza kifudifudi juu ya benchi. Nikafungua kijitabu changu. Nilikuwa sijakisoma tangu nikiandike.

Hatua ya Kwanza: Yaamini maji. Hatua ya Pili: Maji nayo yakuamini. Hapo nikaona aibu ya mwandishi, ambayo ni kali kuliko ya mwizi. Mwizi hasaini jina lake.

Nikaacha kijitabu, nikamwambia apige miguu. Akapiga. Vizuri mno kwa mtu aliye juu ya benchi. Nikamwambia azungushe mikono. Akazungusha, akaangusha birika. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Nilimuuliza kama anaogopa Jumamosi. Akasema, "Hapana, Babu. Wewe je?"

Nikasema mimi nina nini cha kuogopa.

"Basi vizuri," akasema, akaendelea kupiga miguu. Akaniuliza kama pumzi ivutwe upande wa kushoto au wa kulia. Swali la kitaalamu. Nikajibu: wa kati.

Amefuta maji ya birika, amenipikia uji, amenifunika shuka. Mtoto huyu akizama, aliyemzamisha ni mimi. Nimeandika. Wino haujabadilika rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Njia ya nne: kufa kidogo. Mkufunzi akiwa mahututi, sherehe huahirishwa. Saa nne asubuhi nimejishika kifua mbele ya Mwenyekiti wa kamati ya kisiwa, nikajilegeza taratibu hadi kwenye kiti, baada ya kuhakikisha kiti kipo. Mwenyekiti akakimbia kumwita Muuguzi.

Muuguzi akasikiliza. Akasema hajawahi kuusikia moyo wangu ukipiga vizuri hivi tangu mwaka uanze. Labda mazoezi ya juzi gatini yamenifaa. Nikaguna kwa maumivu. Akaniangalia kwa jicho la mtu aliyelea wanaume wengi.

Ila Mwenyekiti alikuwa ameshatishika. Akatoka nje kusemezana na Mratibu, ambaye alikuwa ameshuka kivukoni muda huohuo. Mratibu ni mama mwenye sauti ya chini na daftari kubwa. Nikawasikia kupitia dirisha. Mwenyekiti akisema mzee huyu hana siku nyingi, itakuwa uchungu mkubwa ngao imkute kaburini. Mratibu akakubali kwa huzuni.

Hawakuahirisha. Wameiwahisha. Sherehe ni kesho saa tatu.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na moto nimeuchochea mimi.

Imebaki njia ya kwanza. Nimeandika ukurasa mmoja: "Mimi, niliyetajwa hapo juu, sikumfundisha yeyote." Hapo juu hakuna aliyetajwa, lakini ndivyo nilivyozoea kwenye fomu. Nimeukunja na kuuweka kwenye mfuko wa shati. Kesho nitausoma kabla hajaruka. Nitaacha jina baya. Afadhali jina baya na mjukuu hai.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu gati limejaa. Viti, mwavuli wa Mratibu, ngao juu ya meza yenye kitambaa. Vijana wa Fundi wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Fundi chini, kwenye ngazi za maji, ameshika upondo wake wa kusukumia boti. Mjukuu wangu juu ya jukwaa, na sare ya ubaharia.

Nikasimama. Nikaingiza mkono mfukoni. Ukurasa ukatoka. Ulimi ukawa mzito kama kiatu kilicholowa. Mwenyekiti akadhani nimesahau filimbi, akanivalisha yake. Nikaona hakuna maneno, basi nipige filimbi wasimame. Nikainua mkono wa kumzuia na kupuliza kwa nguvu zote zilizobaki.

Filimbi ni ya kuanzia. Nani asiyejua. Miaka kumi na tisa nimewazoesha hivyo mwenyewe.

Akaruka.

Sijui nilitembeaje. Nakumbuka niliangusha kiti. Nilifika kwenye ngazi nikiliita jina lake, na maji yalikuwa yamejifunga juu yake kama mlango. Nikahesabu hadi nne. Akaibuka mbali, karibu na boya, akalizunguka, akaanza kurudi. Anaogelea. Pumzi upande wa kulia. Mkono unaingia majini bila kurusha hata tone.

Nilicheka. Magoti yangu yakacheka pia. Nikateleza ngazi nne na kuingia majini mzima mzima, na filimbi.

Sitaeleza yaliyo chini ya maji. Hakuna cha kuamini. Kisha mkono ukanishika kwa nyuma ya kola, na sauti ikaniambia sikioni, kwa utulivu uleule wa benchini: "Tulia, Babu. Usinishike shingo."

Fundi akanyoosha upondo. Wakanitoa. Nikalazwa kwenye mbao mpya, nikitapika chumvi mbele ya watu wazima. Na watu hao wakapiga makofi. Mratibu alikuwa amesimama, anaandika. Akatangaza kwamba katika kazi yake hajapata kuona mkufunzi wa umri huu akijitosa mwenyewe ili kuonyesha somo la uokoaji.

Nilikuwa na nafasi pale. Kila mtu alinyamaza kunisikiliza. Nikapapasa mfuko wa shati. Ukurasa ulikuwa umegeuka uji wa buluu.

Nikasema asanteni.

Jioni mjukuu amekaa kitandani kwangu na kuniambia yote, bila kupandisha sauti. Wiki ile nilipompa cheti alikwenda karakana kumwonyesha Fundi. Alikuwa analia. Fundi hakuuliza kitu. Alimwambia aje kila alfajiri kabla ya kazi, nyuma ya karakana, penye maji ya kifua. Miezi minane. Akamwomba jambo moja tu, asimwambie Babu, maana Mwalimu ni mtu wa heshima zake na tutamvunja moyo.

Nikamuuliza, na juzi benchini je? Akasema alitaka kuona kama nitamwambia mwenyewe. Na kwamba ile ya pumzi ya kati karibu imuue kwa kicheko.

Nilimuuliza anataka nini kwangu. Chochote. Ngao aichukue.

Akasema, "Ngao sitaki, Babu. Fundi anaomba tena mwaka huu. Mwandikie vizuri."

Nikaapa. Nimeshika mkono wake na kuapa, na nililia machozi ya kweli.

Jumapili, 9 Machi

Mratibu amekuja kuniaga. Akasema kwa siri kwamba Mfuko unaona kazi ya kuogelea hapa imekamilika, vijana wote wanajua. Ruzuku ijayo itaelekezwa kwenye mradi mwingine wa vijana wa kisiwani. Je, namfahamu mtu?

Nikamtaja Fundi. Kwa jina lake lote, na karakana, na vijana wanane. Nilijisikia mwepesi. Mratibu akasema fomu ifike kwa kivuko cha Jumanne, atakayeisubiri ofisini ni yeye mwenyewe.

Kisha, akiwa mlangoni, akasema ni bahati mbaya kuuacha mradi wenye mkufunzi kama mimi. Somo lile la uokoaji limemgusa. Lingeweza kuwa Hatua ya Nane. Kama kungekuwa na ombi jipya, angelisoma kwa jicho la pekee.

Nikasema mimi ni mzee, nimechoka.

Akasema anaelewa.

Jumanne, 11 Machi

Fundi alikuja jana na vijana wake wawili, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Amenitajia anachotaka: misumeno, randa, paa lisilovuja. Nimeandika kurasa tatu. Niseme kweli, sijapata kuandika vizuri hivyo maishani. Aya ya vijana kumsogezea Fundi mbao ili asiiname, nililia nikiiandika. Mjukuu wangu amesimama nyuma ya kiti changu akisoma juu ya bega, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne ameniwekea mkono begani. Fundi akatia sahihi bila kusoma. Wakaenda kunywa chai.

Nikabaki na ukurasa wa mwisho, ule wenye visanduku.

Asubuhi hii mjukuu ameichukua bahasha na kuipandisha kivukoni mwenyewe, ameibana kifuani. Fundi alikuwa gatini anampungia mkono. Ndani ya begi la barua, kivuko hichohicho, kuna bahasha ya pili, nyembamba, yenye ombi langu. Hatua ya Nane. Niliikabidhi jana ofisi ya tiketi. Kisiwa kimoja, ruzuku moja.

Muuguzi amepita. Ameuliza tena kama mambo yangu nimeyapanga. Nimesema bado moja.

Ndilo hili. Nililiruka nilipoandika Jumatatu ile, nikajifanya nimemaliza. Kwenye fomu ya Fundi, penye kisanduku cha umri wa washiriki, mahali pa vijana wake wanane, mimi huandika: miaka arobaini na kuendelea. Nimeandika hivyo mara kumi na tisa.

Ya jana ni ya ishirini.