Mwenye Timu na Debe la Chokaa

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kuifuta kwa leso. Ni aibu yenye mashahidi uwanja mzima, na wote ni wamiliki.

Nianze mwanzo. Timu yetu ya hapa Utemini, Wakamuaji, haina tajiri. Ni ya wanachama. Ukiwa na kadi wewe ni mmiliki, una kura moja sawasawa na daktari na muuza vitunguu. Mimi kadi ninayo. Kwa hiyo nilipomwambia mchumba wangu Zuhura kwamba namiliki timu ya mpira, sikusema uongo. (Sikumalizia sentensi tu.)

Zuhura akampelekea baba yake habari, Kiomboi. Mzee ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Akasema kabla hajawapokea washenga wangu, anakuja kumwona huyo mwenye timu kwenye mechi yake. Safi kabisa! Mechi yenyewe ndiyo ya leo, ya kirafiki, na wageni kutoka Manyoni.

Kuna jambo dogo sikumweleza mtu. Kwa kuwa hatuna tajiri, kazi za uwanja tunafanya wenyewe kwa zamu. Huyu anafyeka, yule anafua jezi. Na leo zamu ya kupiga chokaa ilikuwa ya nani? Ya mwenye timu!

Nilipanga nianze asubuhi, nimalize, nikaoge, mzee anikute nanukia. Mpango mzuri sana. Nikapitia kwa kinyozi kwanza, kinyozi akanipa habari za mji mzima. Nafika uwanjani saa saba, kamba ya kupimia haipo. (Mmiliki mwenzangu kafungia mbuzi wake. Utamwambia nini? Na yeye ni mwenye timu.)

Nikasema, kamba ya nini wakati miguu ninayo? Goli la upande wa soko nikahesabu hatua kumi na moja, hatua ndefu za mtu mwenye mali zake, nikaweka nukta ya penalti. Mara simu ya Zuhura: "Rama, baba ameshashuka stendi, yuko kwenye bajaji!"

Mama yangu! Nikavua ndala, nikavaa viatu vipya nilivyonunua ili mzee avione. Vinabana hivyo, acha tu. Goli la upande wa shule nikahesabu hatua kumi na moja vilevile, ila sasa natembea kama bibi harusi. Nikaweka nukta. Nikaiona imekaa karibu karibu na goli. Nikajiambia ni macho yangu.

Ndipo upepo wa Singida ukakumbuka kazi yake. Chokaa yote iliyobaki kwenye debe ikanirudia usoni.

Getini alikuwa katibu wetu, Mama Ashura, na kipaza sauti chake. Mzee akafika na suti yake ya Kaunda imenyooka pasi. Nikawasikia:

"Namtafuta mmiliki wa timu."

"Yupi, baba? Mimi ni mmiliki. Yule muuza karanga ni mmiliki. Yule anayekojoa ukutani naye mmiliki."

"Anaitwa Ramadhani."

"Aaa, Rama! Yule pale, mweupe."

Nikasogea. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanikagua kuanzia nywele mpaka viatu. "Wewe ndiye mwenye timu?"

"Ndiyo baba. Ila tuko... tuko wengi kidogo."

Akaenda kukaa kwenye benchi. Afadhali angenitukana.

Mpira ukaanza. Haukupita muda tukapata penalti, goli la upande wa soko. Mshambuliaji wetu akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukasafiri, ukasafiri, ukafika kwa kipa umechoka, akaudaka kwa raha zake. Karibu na mapumziko wageni nao wakapata yao, upande wa shule. Kipa wetu akalalamika: "Refa, mbona huyu ananipumulia?" Refa akamjibu kwamba penalti inapigwa kwenye nukta, na nukta ndiyo hiyo. Goli! Kipa hata kuruka hakuwahi.

Mapumziko, mzee akainuka. Akaingia uwanjani polepole, akatoa mfukoni futi kamba ya useremala (jamani, nani anakwenda mpirani na futi kamba?), akamwita kipa ashike ncha. Akapima upande wa shule. Akavuka, akapima upande wa soko. Akamnong'oneza Mama Ashura. Naye, Mungu ambariki, akawasha kipaza sauti:

"Wanachama, huku ni mita nane! Kule kumi na tatu! Zinatakiwa kumi na moja!"

"Nani kapiga chokaa?" wakapaza sauti wamiliki wote.

Kana kwamba kulikuwa na haja ya kuuliza. Mtu mweupe uwanjani alikuwa mmoja tu.

Mkutano wa dharura ukafanyika hapohapo. Wanaotaka Rama aondolewe kwenye chokaa, wanyooshe kadi. Zikanyooshwa zote. Nikanyoosha na yangu, maana kusema kweli hoja ilikuwa na mashiko. Hoja ya pili: mzee huyu apewe kadi leo leo, awe msimamizi wa uwanja. Ikapita. Na hiyo nikanyoosha. Ningefanyaje?

Tukafungwa moja bila. Nikamsindikiza mzee stendi, viatu vinaniua. Nikajikaza. "Baba, kuhusu wale washenga..."

Akanikung'uta chokaa begani.

"Ulinyoosha kadi kujiondoa mwenyewe. Nilikuona. Waje."

Nilitaka kulia kwa furaha. Akaingia ndani ya basi, kisha akatoa kichwa dirishani: "Nyumba yenu usijenge kwa kuhesabu hatua. Na mechi ijayo saa mbili asubuhi nikukute uwanjani unafyeka. Msimamizi ni mimi."

Kwa hiyo nilimwalika baba mkwe aje kuiona timu yangu, akaondoka nayo. Na wewe unayecheka hapo, orodha ya zamu za kufua jezi ninayo mimi.