Kupunguzwa kwa Matoleo ya Saa za Fahari za Karatu

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Makatibu Kata, Baba Paroko, Shehe wetu wa mjini, malaigwanani, viongozi wetu wa mila wa Kimaasai, mliotoka Kakesio kwa miguu, wafanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola pamoja na malori yenu, Ndugu Wananchi, na mimi mwenyewe, Mwenyekiti wa Kamati ya Kiwanda cha Saa za Fahari Karatu. (Makofi, yakianzishwa na Mwenyekiti.)

Katika mwaka huu wa 1984, kiwanda chetu, baada ya planingi ya kina na semina za kina zaidi zilizofanyika katika hoteli za ukingoni mwa kreta, kimeridhia rashonalaizesheni, yaani kupunguza matoleo ya saa kutoka kumi na manne hadi moja, kwa nia ya kulinda kwaliti. (Minong'ono.) Eyasi, Oldeani na Kifaru ni miongoni mwa yaliyofutwa. Inabaki Kreta, ya dhahabu, isiyoingia maji wala vumbi la Karatu.

Utafiti unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wakusanyaji wa saa mmefadhaika, na asilimia ishirini mmefurahi. Ndugu Haji wa duka la vitenge, ambaye mkono wake wa kushoto umekaa bure ukiisubiri Eyasi, tangu asubuhi anakataa kuiuza, maana toleo likifutwa linapanda thamani. (Haji: "Hata kwa lori la vitunguu sitoi.") Ndugu Tobiko amebadilishana Kifaru yake na Oldeani ya Ndugu Piusi, kila mmoja akijiona kamzidi mwenzake ujanja, na hakuna aliyewahi kuiona hata moja. Hiyo ndiyo imani ya wananchi kwa viongozi wao. (Vigelegele.)

(Mama Blandina wa Buger anasimama: "Ndugu Mwenyekiti, mimi nilitoa maksai wangu nipate Eyasi. Kama imefutwa, nirudishiwe. Mvua ndizo hizo zinakuja, na plau haivutwi na saa.")

Swali zuri, mama, tena la kitaalamu. Litajibiwa kwenye shukrani.

Saa za Karatu – (Hoyee.) Wachelewaji – (Zii.)

Nawashukuru kwa kuwahi na kunisubiri mpaka kivuli kikahamia upande wa pili. Kipekee namshukuru Mama Blandina kwa maksai wake, aliyechinjwa siku wajumbe walipokwenda kuchagua kiwanja. Nyama ilikuwa laini, wajumbe wakashiba, wakalala. Kiwanja hakikuchaguliwa, na kwa msingi huo kiwanda hakijajengwa wala fundi hajaajiriwa. Lakini mama, kamati haijakusahau. Bajeti ikiruhusu, utapewa jembe la mkono. Mpini utautafuta mwenyewe.