Binamu Yangu Mheshimiwa wa Australia

Leo nimeadhirika, tena mbele ya watu thelathini walioshiba pilau yangu mwenyewe.

Chama chetu cha Waswahili kilikuwa kinachagua mwenyekiti, ukumbini Laeken, huku ughaibuni. Nami nagombea. Tegemeo langu lilikuwa binamu yangu Hamisi, aliyegombea kuingia bunge la jimbo huko Australia. Matokeo ya kwanza yalionyesha anaongoza. Kwetu anayeongoza ameshapita, kilichobaki ni kuchinja mbuzi. Wiki nzima nikatangaza kwamba nina ndugu mbunge. (Mwenyewe sikumuuliza. Mheshimiwa ana shughuli nyingi.)

Leo, kabla ya kura, nikampigia kwa video kwenye skrini ya ukumbi, ili watu waone mgombea wao katoka ukoo gani. Hamisi akatokea na kaptura, anang'oa mabango yake kwenye uzio.

"Mheshimiwa!" nikapaza sauti. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Mheshimiwa gani, kaka? Nimeshindwa. Jana nimempigia mwenzangu kumpongeza."

Vigelegele vikakatika. Tonton Mukalay, mzee wa Lubumbashi anayesimamia uchaguzi wetu, akasogelea skrini na Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa.

"Mais ulikuwa mbele, non? Nani aliiba?"

"Hakuna aliyeiba, mzee. Huku mpiga kura anapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa, na kila kura yake inakwenda kwa aliyepangwa wa pili. Mimi hawakunipanga wa pili."

Ningekaa kimya hapo, yangeisha. Lakini mimi na kimya wapi na wapi!

"Hiyo ndiyo haki yenyewe!" nikasema. "Na sisi tungepiga kura hivyo, chama kingekuwa mbali!"

"Bon," akasema Tonton. "Donc leo tunafanya vile. Ni wewe mwenyewe umesema."

Tukapanga majina kwenye vikaratasi. Mimi kura kumi na tatu; wapinzani wangu, Maman Furaha muuza vitenge, kura kumi, na Issa kinyozi, kura saba. Naongoza! Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti. (Ndiyo. Nilisimama.)

Issa akatolewa. Tonton akafungua vile vikaratasi saba, kimoja kimoja. Furaha. Furaha. Furaha. Vyote saba! Hata cha Issa mwenyewe, aliyekula sahani mbili.

"Issa, hata wewe?"

"Grand frère, kaka yangu, nisamehe. Wewe ungetuletea video kila réunion, kila tukikutana."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikabaki nimesimama, koti limefungwa, sina pa kwenda. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Hamisi bado alikuwa kwenye skrini. Nani angekumbuka kukata simu?

"Mpongeze mwenzako, kaka," akaniambia. "Ukichelewa inauma zaidi."

Nimempongeza. Naombeni msicheke. Atakayecheka, uchaguzi ujao nampanga wa mwisho.