Programu Nne za Kumsalimia Hajati

Jameni, leo nimeanikwa mchana peupe. Dukani, hapa Kisenyi, Kampala, mbele ya wateja! Haya naandika nikiwa stoo, nyuma ya maboksi, maana sitaki kuonana na mtu.

Mnajua kazi yangu ni kubeba vipuri vya magari. Miezi mitano iliyopita nilimwambia bosi wetu, Hajati, kwamba nitamwandikia programu ya kompyuta: unaandika jina la kipuri, inakuambia kiko rafu gani. Alifurahi! Akanipa kila Jumatano mchana nikae kwenye kompyuta nijifunze, na akaahidi kwamba programu ikikamilika, nitahamia ofisini, kwenye kiti. Siku hiyo hiyo nilimpigia simu mama yangu, kule Kitale. (Nilimwambia nimeshahamia. Akatangaza kanisani.)

Nikaanza na lugha ya kompyuta iitwayo Python. Wiki ya tatu, jamaa mmoja kwenye video akasema Python ni ya watoto, watu wazima wanaandika JavaScript. Nikahama. Mwezi haujaisha, mwingine akasema JavaScript ni kupoteza muda, shika Java. Nikahama. Juzi nilikuwa kwenye Rust. (Msiniulize ni nini. Nilifika somo la pili.)

Apio, keshia wetu, binti wa polisi wa kule Nsambya, aliwahi kuniuliza ajifunze lugha ipi. Nikamrushia daftari langu la Python. "Chukua, dada. Sisi wengine tumeshavuka huko." Nilisema hivyo kabisa, kwa mdomo huu.

Basi leo Hajati kaja na kaka yake mwenye duka Jinja.

"Wafula, onyesha kaka yangu ile programu."

Kwenye kaunta kulikuwa na fundi anatafuta beringi ya gurudumu. Hajati akasema tujaribu na hiyo hiyo. Nikafungua programu ya Python. Ikatokea: KARIBU HAJATI.

"Banange, inanisalimia!" Hajati akapiga makofi. "Kale, haya, sasa iambie itafute beringi."

Nikafungua ya JavaScript. KARIBU HAJATI. Ya Java. KARIBU HAJATI. Kaka mtu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ya Rust ilikataa kabisa kufunguka. (Hata salamu!)

"Ssebo, bwana, mimi gari iko juu ya jeki," fundi akasema.

Nikajifanya nakagua waya. "Hajati, ni netiweki tu."

Apio akainua mkono, polepole, kama anaogopa kuniumiza. "Hajati, ya kwangu haitaki netiweki."

Ya kwake! Akaandika neno moja kwenye skrini nyeusi isiyo na urembo wowote. Rafu ya sita, juu, kushoto. Nikatumwa mimi kwenda kuangalia. Nisiwafiche, nilikuwa naomba isiwepo. Ilikuwepo.

"Umejifunza wapi wewe?" Hajati akamuuliza.

"Kwa daftari ya Wafula."

Hajati akalichukua mkononi mwa Apio, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti duka zima lisikie: "Mimi Wafula naahidi sitabadilisha lugha mpaka nimalize kazi moja." Na sahihi yangu chini yake. Wueh! Fundi alicheka mpaka akasahau gari lake.

Hajati hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Alinitazama tu, akasema, "Wafula, mimi nilikuamini." Jumatano zangu sasa ni za Apio, na kiti pia ni cha Apio. Mimi nimerudi kwenye kubeba.

Baadaye Apio amenifuata huku stoo, kanirudishia daftari. "Kaka, pole bambi. Anza tu ukurasa wa kwanza, nitakusaidia." Angenitukana ningejisikia nafuu.

Na sasa hivi mama kapiga simu. Anataka picha yangu nikiwa ofisini, awaonyeshe watu wa kanisani Jumapili. Nimemwomba Apio aniazime kiti, dakika moja tu, nipigwe picha.

Amesema atanipa nikimaliza daftari. Kwa hiyo msicheke, ila aliye karibu na Kitale amwambie mama asubiri.