Eti Nilimfundisha Bila Kujua

Jumatatu, 7 Julai 2025

Saba Saba. Sikukuu ya wafanyabiashara nchi nzima, na mimi mfanyabiashara nimeianza kwa kutukanwa.

Shemeji Bibiana kapiga simu kutoka Kilosa. Ni mdogo wake mke wangu, Generoza. Generoza kaweka spika ili na mimi nisikie, na kweli nimesikia. Jumapili hii ni Jumapili ya Mavuno kanisani kwao. Bibiana atatoa shukrani hadharani kwa watu waliomfundisha biashara "bila wao wenyewe kujua". Nami nimealikwa.

Bila kujua! Mimi! Binti huyu aliteremka kutoka Vidunda na begi moja, hajui hata kumdanganya mteja kwamba bei imepanda. Akakaa kwangu hapa Mikumi misimu miwili, akauza vitunguu kwenye banda langu la barabara kuu, akanitazama asubuhi mpaka jioni. Leo ana duka la jumla karibu na stendi ya Kilosa, mchele, maharage, vitunguu, na watu wanapanga foleni. Nilijua kabisa kwamba namfundisha. Nilikuwa nikimwambia, tazama hapa. Mtu akisema tazama hapa, huyo anafundisha akijua!

Halafu akatoa habari ya pili, nikakaa vizuri kwenye kiti. Anafungua duka jingine, hapa hapa Mikumi. Anatafuta msimamizi. Atamtaja Jumapili hiyohiyo.

Hapo hapahitaji ramli. Atakayeshukuriwa ndiye atakayekabidhiwa funguo. Nimemwambia Generoza hivyo, akasema tungoje tuone. Tungoje nini? Banda msimu huu limelala, na Debora wetu amechaguliwa kidato cha tano, anatakiwa kuripoti shuleni mwezi huu. Tukilikosa duka hili sijui tutampeleka na nini.

Jumanne, 8 Julai

Nimeamka mapema kuyakumbuka mafunzo yote niliyompa, ili akisahau nimkumbushe palepale. La kwanza, kwenye mfuko wa wavu, vitunguu vikubwa juu, vidogo chini. La pili, mteja akitaja bei, guna kama umechomwa mwiba. La tatu, apa. La nne, basi likianza kuondoka, usihangaike kutafuta chenji.

Hayo ndiyo niliyompa bure. Vyuoni watu wanalipia!

Mauzo ya leo hafifu. Dereva wa lori la Iringa kapunguza mwendo, kaniona mimi, kauliza Mama yuko wapi. Nimemwambia Mama kaenda sokoni. Kasema basi, atapita akirudi. Wote wako hivyo siku hizi, wanamuulizia Generoza kana kwamba vitunguu vinaota mkononi mwake. Watu wa barabarani hawana adabu.

Mchana nyani kaja akanyakua wavu mzima. Kala vya juu, vilivyobaki kavitawanya barabarani. Boniface wa banda la jirani kacheka mpaka kashika nguzo. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 9 Julai

Boniface kaja kunywa chai yangu, kisha kanitonesha kidonda. Sijaalikwa peke yangu. Ngeleja naye kaalikwa!

Ngeleja mfugaji! Kaja huku na ng'ombe zake kutoka Shinyanga miaka ya karibuni tu, kajenga boma lake nje ya mji. Bibiana, kabla hajapata duka, aliuza chai kwenye mnada wa ng'ombe, na eti huko ndiko alikojifunza kitu kwa Ngeleja. Kitu gani? Kupiga mluzi? Mimi nimemlisha mwanafunzi misimu miwili, halafu cheti kinakwenda kwa aliyenunua chai!

Na duka je? Boniface kasema huenda likaenda kwa Ngeleja, ana jina zuri. Nimemwambia Boniface chai imekwisha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda bomani kwa Ngeleja kwa miguu, jua la utosi. Ilinibidi nimpe shikamoo, maana kanizidi umri kidogo. Akaitikia marahaba taratibu, kama mtu anayepokea kilicho chake.

Nikamwambia kwa masikitiko kwamba shukrani za Bibiana zimeahirishwa, asijisumbue Jumapili, ataarifiwa. Kasikitika. Kaniletea maziwa mgando, kaniuliza habari za nyumbani, za banda, za Debora, za miguu yangu. Kasema hajawahi kuona mtu mwema kiasi hicho, anayetembea umbali wote ule ili mwenzake asipate usumbufu. Maziwa yalikuwa mazuri. Nimeondoka nikijipongeza.

Jioni simu ya Bibiana. Ngeleja kampigia kumpa pole ya kuahirisha! Bibiana kamjibu kwamba lazima shemeji kachanganya tarehe. Ngeleja hajakasirika hata kidogo. Badala yake kasema kwa kuwa nimemjali, atatupeleka Kilosa kwenye pikapu yake, sisi na mizigo yetu. Generoza kakubali kabla sijafungua mdomo.

Kisha kanigeukia. Kauliza, "Baba Debora, ulichanganya tarehe?" Nimesema kichwa kilikuwa kinaniuma.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango mpya. Huu hauna tundu.

Jumapili ya Mavuno kila mtu huleta mazao, na baada ya ibada yanapigwa mnada nje ya kanisa. Kuku, mayai, miwa, watu wanashindana kutaja dau, fedha inaingia kwenye mfuko wa kanisa. Basi nitapeleka gunia la vitunguu vya Malolo, kubwa, limejaa mpaka shingoni. Boniface naye anakwenda Kilosa kwa shangazi yake. Nimekubaliana naye: gunia langu likiinuliwa, ataje dau kwa sauti, apandishe, nitamrudishia. Bibiana aone mali ya shemeji yake inavyogombewa! Nani atampa Ngeleja duka baada ya hapo? Boniface nimemwahidi kwamba nikiwa msimamizi nitanunua kwake kwanza.

Gunia nimelifunga mwenyewe. Juu vile vinavyong'aa, nimevifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Chini, vinginevyo. Generoza kasimama mlangoni, kasema hiyo ni sadaka. Nimemjibu Mungu anaangalia moyo, na wanadamu wanaangalia juu ya gunia, kwa hiyo pande zote mbili nimezishughulikia. Kaenda jikoni. Nadhani nilimshinda.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa kwa Bibiana, Kilosa. Kalamu imeshatoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa kingine!

Ibada ilikwenda vizuri, nimeimba kuliko wote. Mchungaji Yared katangaza kwamba Bibiana atatoa shukrani zake nje, baada ya mnada. Nikaona vyema kabisa, nje kuna nafasi ya kuonekana.

Mnada ukafika kwenye gunia langu. Mzee wa kanisa kalipiga kofi tumboni, katangaza vitunguu vya Malolo, sadaka ya Donati wa Mikumi. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Boniface kataja dau. Mtu mwingine kapandisha. Ngeleja! Boniface kapandisha tena, Ngeleja tena, huku akinitabasamia. Boniface kaniangalia, kaona jasho langu, kanyamaza. Mwoga! Gunia likawa la Ngeleja. Eti kalinunua kwa heshima ya rafiki yake aliyemtembelea bomani.

Mpaka hapo nilikuwa bado mtu mkubwa. Lakini desturi ya mnada huu, anayenunua mara nyingi habebi, anatoa zawadi. Ngeleja kasema anawapa wajane wa kanisa. Mchungaji kambariki, kaagiza turubai litandikwe, gunia limwagwe, kila mama apate fungu lake.

Limwagwe!

Niliruka. Nilisema kwetu Vidunda ni mwiko kumwaga sadaka. Bibi mmoja wa Vidunda aliyekaa mbele kasema mwiko huo yeye hajapata kuusikia, na amezaliwa huko. Nikasema basi apewe mjane mmoja gunia zima. Wale wengine wakanitazama vibaya. Vijana wakalikamata gunia, wakaligeuza.

Vikubwa vikatangulia, watu wakapiga makofi. Vikafuata vidogo. Kisha vidogo kuliko hivyo, kama gololi. Kisha vilivyochipua majani. Mwishoni kabisa jiwe. Jiwe hilo silijui mimi, Malolo kuna mawe mengi.

Mtoto mmoja kacheka, mama yake kamfinya, kisha mama mwenyewe kacheka.

Hapo ndipo Bibiana kasimama. Wakati mbaya kiasi gani! Kaanza na Ngeleja. Kasema siku moja mnadani alimwona akiuza jike, na kabla mnunuzi hajauliza lolote, Ngeleja kamwambia ng'ombe huyu anapiga teke akikamuliwa. Mnunuzi akanunua vilevile, na mwaka uliofuata akarudi kununua wengine. Tangu siku hiyo Bibiana husema kasoro ya mali yake kabla mteja hajaiona. Watu wakaitikia Amina. Amina ya nini? Huko ni kuharibu soko!

Kisha akanigeukia. "Shemeji yangu Donati," akasema, "wiki nzima nimehangaika nitaelezaje alichonifundisha. Leo amekieleza mwenyewe."

Watu walianguka kwa kicheko. Mchungaji Yared kajifunika uso na kitabu cha nyimbo, lakini mabega nayaona! Bibiana hakucheka. Kaeleza kwamba enzi zile kila jioni alikuwa akijiuliza mteja wetu atasema nini akifika kwake na kumwaga wavu. Akajiapiza siku akipata duka lake, vidogo vitakaa juu. Ndivyo anavyofanya. Mtu anafika nyumbani, anakuta vikubwa chini, anarudi kesho na jirani yake.

Huo ni wizi wa mchana! Kachukua ujuzi wangu, kaugeuza kichwa chini miguu juu, sasa anauita wake.

Halafu akanisogelea. Kasema alipotoka Vidunda hakuwa na mtu, na shemeji Donati alimpa pa kulala na pa kula, na hakumuuliza hata siku moja ataondoka lini. Hata mwaka ule wa njaa. Kasema ndiyo maana yeye hamfukuzi mfanyakazi wake akiugua, na wafanyakazi wake hawamwachi, na duka limesimama juu ya hilo kuliko juu ya vitunguu. Akalia. Generoza akalia. Ngeleja kajifuta macho kwa kofia.

Sijui kwa nini aliyaingiza hayo. Kumpa ndugu pa kulala si biashara, ni jambo la kawaida tu. Mimi nilikuwa nangoja afike kwenye chenji. Hakufika!

Zawadi zikaja. Ngeleja kapewa blanketi zito. Mimi nimepewa mzani. Mzani mpya wa dukani, mbele ya umati wote! Nimeupokea kwa mikono miwili kwa sababu nina malezi.

Na duka? Duka la Mikumi atalisimamia dada yake, Generoza. Bibiana kasema mbele ya watu kwamba kila nilipoondoka bandani kwenda kunywa chai, Generoza alikuwa akifungua nyavu, anatoa vibovu, anachanganya vikubwa na vidogo, anafunga upya kabla sijarudi.

Miaka yote hii! Ndani ya banda langu mwenyewe! Ndiyo maana madereva wanamuulizia. Nilikuwa nahujumiwa, na aliyekuwa akinihujumu ananipikia!

Nimemuuliza Generoza usiku huu kama ni kweli. Kasema ni kweli, na isingekuwa hivyo Debora asingemaliza hata msingi. Nimegeukia ukutani.

Jumatatu, 14 Julai

Tumerudi Mikumi. Generoza kapitiliza moja kwa moja kwenda kuiona fremu ya duka. Bibiana atamlipa vizuri, Debora ataripoti shule. Hilo limekwisha na nashukuru, ingawa lilipaswa kupitia kwangu.

Banda nimebaki nalo mwenyewe. Kuna utulivu. Hakuna aliyesimama.

Nimepata nafasi ya kutafakari kosa lilikuwa wapi, maana mimi si mtu wa kung'ang'ania kosa. Kosa halikuwa vitunguu, lilikuwa mpangilio. Gunia likimwagwa, vya juu vinatangulia na vya chini vinamalizia, na watu hukumbuka cha mwisho. Kwa hiyo vikubwa viwekwe juu na chini, vidogo vikae katikati! Nimefunga nyavu zote upya leo hii. Nimeshangaa Bibiana, pamoja na sifa zake zote, hajaligundua hilo.

Mzani nimemuuzia Boniface. Nimemwambia ni wa Ujerumani. Nimeapa.

Jioni Generoza kaniwekea ugali, kakaa karibu yangu, kaanza kuongea kwa sauti ya upole. Kasema jana imemfanya afikirie watu wote waliomfundisha yeye, mama yake, mwalimu wake wa Vidunda, hata wateja waliomgombeza. Akaniuliza mimi, katika biashara, nikisimamishwa mbele ya watu, nitamshukuru nani.

Nimefikiri kwa uaminifu mpaka ugali ukapoa. Nikamwambia hakuna. Sikufundishwa na mtu yeyote, yote haya nimeyatoa kichwani mwangu mwenyewe.

Akasema inaonekana.

Nimefurahi sana. Baada ya wiki kama hii, angalau mtu mmoja ameliona.